Uwezo wa Kusema Bado

Lionja ni jina dogo kwenye ramani ya mkoa wa Lindi. Liko katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, kwenye uwanda ulio kati ya bonde la Mto Mbwemkuru na bonde la Lukuledi, ambako Wamwera wamelima kwa jembe la mkono tangu zamani. Kilimo chao cha asili kilikuwa cha kuhamahama. Mtu alifyeka pori, akachoma, akapanda mtama, mahindi, mihogo, kunde na karanga kwa kuchanganya. Ardhi ilipochoka aliiacha irudi kuwa pori, akaenda kufyeka kwingine. Maofisa wa kikoloni walikiona kilimo hicho kuwa cha upotevu, kwa kuwa machoni pao shamba lililoachwa lilikuwa limekufa. Mwenyewe aliliona vingine. Shamba lile lilikuwa limepumzika, na siku ya kurudi ilikuwa haijafika. Kiswahili kina neno moja linalotosha kueleza hali hiyo yote: bado.

Neno hili tunalitumia kila siku hata tumesahau uzito wake. Kijana akiulizwa kama ameoa, hajibu hapana, hujibu bado. Hapana hufunga mlango, bado huuacha wazi. Anayesema bado hajakataa wala hajakubali. Amejibakizia nafasi ya kutazama, kuuliza, kujaribu kidogo, na ikibidi kurudi alikotoka. Siku hizi yanasemwa mengi kuhusu kuishi kwa kutafakari katika dunia yenye haraka, na ushauri unaotolewa karibu wote unamlenga mtu mmoja mmoja: apunguze simu, aamke mapema, akae kimya. Siupuuzi ushauri huo. Ila unaruka jambo lililo chini yake. Mtu huishi kwa kutafakari pale tu anapoweza kusema bado na neno lake likasikilizwa. Kwa karibu miaka 80 watu wa Nachingwea na Ruangwa wamenyang'anywa uwezo huo zaidi ya mara moja, mara nyingine na watu waliowatakia mema, na yaliyowapata yanafundisha kuliko mahubiri ya utulivu.

Tuanze na karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na watu wake walikuwa wakipimiwa chakula kwa mgawo. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza kwamba mashamba makubwa ya karanga ya mashine yafunguliwe Tanganyika. Serikali ya London ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa, mara nyingi kwa ndege, wakarudi na mpango wa ekari milioni 3.21 zilizogawanywa katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Mashamba 17 yangekuwa Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya na 80 Tanganyika. Kati ya hayo 80, mashamba 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini, na kitovu chake kikawa Nachingwea. Yaani zaidi ya nusu ya mpango mzima, ekari zaidi ya milioni moja na nusu, ingetua juu ya nchi hii ambayo wakati huo haikuwa na reli wala bandari ya kina kirefu.

Karanga hazikuwa ngeni hapa. Wakulima walizipanda katika vipande vidogo, wakizichanganya na nafaka, na walijua mvua zao zina kigeugeu. Lakini mpango ulikuwa umekamilika kabla ya swali lolote kuulizwa kijijini. Kazi ilianzia Kongwa, katikati ya nchi, kwa sababu reli ilikuwa karibu. Matrekta yaliyonunuliwa kutoka masalia ya vita yaliharibika. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Ilibainika kwamba udongo wa Kongwa ukikauka hukaza kama sakafu, na karanga zilizo ndani yake hazitoki. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Kufikia Aprili 1948 mradi ulikuwa mikononi mwa shirika la serikali la chakula cha ng'ambo, chini ya Waziri wa Chakula John Strachey, na miti ilianguka Nachingwea huku reli ikijengwa kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Mpango wa awali ulikuwa umekadiriwa kugharimu takriban milioni 25 kwa kazi yote.

Hapa msomaji mwenye haki atapinga. Atasema watu wale hawakuwa wajinga: walikuwa na ramani, wahandisi, wataalamu wa udongo na hesabu zilizofika hadi senti. Kama kufikiri kwingi namna hiyo kulizaa maafa, basi tatizo si kukosa kufikiri. Pingamizi hili lina nguvu, na ndilo linalonifanya nitenge mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kupiga hesabu ni jambo moja, kutafakari ni lingine. Mpangaji wa London alipiga hesabu ya njia nzima akaisafiri kichwani kabla ya kuinua mguu, na kila hatua aliifunga kwenye hatua inayofuata. Mashine zilikuwa zimenunuliwa, na ahadi zilikuwa zimetolewa bungeni. Hakukuwa na shamba la majaribio la misimu mitatu au minne lililotangulia, kwa sababu shamba la majaribio ni namna ya kusema bado, na mradi ulikuwa umepangwa usiwe na nafasi ya neno hilo. Mpango wenye makosa unaoweza kusimamishwa una hatari ndogo kuliko mpango mzuri usioweza. Tena hasara ya makosa haikumwangukia aliyeyafanya peke yake. Waziri alipoteza heshima. Nchi ya Nachingwea ilibaki na pori lililong'olewa, barabara zilizonyooka kwa rula na namba za mashamba ambazo watu waliendelea kuzitumia kuyataja maeneo yao.

Reli nayo ina somo lake. Iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954, miaka mitatu baada ya karanga iliyokusudiwa kubebwa kuzikwa. Shehena haikutosha, na mwaka 1962, mara baada ya uhuru, njia hiyo ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Wapo wanaosikitika hadi leo, na majuto yao ni ya haki, kwa kuwa kusini imelipa gharama ya kukosa reli kwa miongo mingi. Lakini kilichodumu kutoka enzi hiyo ni kile kilichokwenda polepole. Kwenye kituo cha utafiti cha Nachingwea wataalamu waliendelea kupanda vipande vidogo vya mbegu mbalimbali msimu hadi msimu, soya ikiwa mojawapo, wakiandika mvua na mavuno. Baadaye utafiti wa kusini ulijikita Naliendele, Mtwara, na kutoka huko zimetoka mbegu za karanga kama Pendo, mbegu za ufuta, na mikorosho bora inayopandwa leo Ruangwa na Nachingwea. Karanga zilizoshindwa kupandwa kwa kifaru zilikuja kuboreshwa kwa daftari na uvumilivu.

Mashamba yaliyoachwa yalipata wapangaji wasiotarajiwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kiliweka kambi yake kuu ya mafunzo Nachingwea, mahali panapojulikana hadi leo kwa namba ya enzi ya karanga: Farm 17. Samora Machel aliongoza jeshi kutoka hapo, na baada ya Eduardo Mondlane kuuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, hatimaye aliongoza chama kizima. Kambi ile ilikusudiwa kuumba maisha mapya kwa makusudi kamili. Wapiganaji walilima chakula chao, walisoma, walijadili siasa, na walitakiwa kujikosoa mbele ya wenzao, kila mmoja akieleza alipokosea na atakavyojirekebisha. Kwa mtazamo wa juu juu, hapa ndipo tafakuri ilipofikia kilele chake: jamii nzima inayojichunguza kila siku. Na matunda yake yalikuwa makubwa, kwani nchi ilikombolewa, na Mei 1975 Machel aliondoka Nachingwea kuanza safari ya kuivuka Msumbiji kutoka Ruvuma hadi Maputo.

Lakini mwezi huohuo, mahali hapohapo, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya maelfu ya watu akasoma ungamo refu la makosa yake. Alikuwa mfungwa, hakuwa na hiari ya kukataa kulisoma. Baadaye aliuawa Msumbiji pamoja na wenzake. Nalitaja tukio hili nikiwa na heshima kwa damu iliyomwagika kuikomboa Afrika, na kwa kuwa linaonyesha kitu ambacho vitabu vya maadili hukipita haraka. Kujichunguza kunageuka kuwa mateso pale ambapo jibu la mwisho limeandikwa na mtu mwingine. Kwa macho, ungamo la Simango lilifanana na kujikosoa kwa wapiganaji wa kawaida. Kilichokosekana ni kile kijinafasi cha kusema, ngojeni, sijakubali bado.

Wakati kambi hiyo ikiendelea, vijiji vilivyoizunguka vilikuwa vinahamishwa. Septemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya ujamaa vijijini akisisitiza kwamba watu waingie kwa hiari, baada ya kushawishika. Ni maandishi ya mtu aliyeelewa thamani ya bado: waanze wachache, wengine watazame, faida ikionekana wajiunge. Miaka sita baadaye, tarehe 6 Novemba 1973, alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Kusini, karibu na mpaka wenye vita, uhamisho ulikuwa umetangulia sehemu nyingine nyingi za nchi. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kati ya mashamba yao zilipangwa kwenye mistari kando ya barabara.

Ukitaka kujua gharama ya uhamisho huo katika nchi hii, tazama mkorosho. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili, na baada ya Vita ya Pili ya Dunia wakulima wa kusini waliupanda kwa wingi, mmoja mmoja, bila kulazimishwa na mtu. Mkorosho haumpi mtu jibu haraka. Unahitaji miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha, kisha huzaa kwa miongo. Anayeupanda anakuwa amefikiri hadi kwa watoto wake. Na kila mwaka unamdai mambo yaleyale: kupalilia chini yake kabla ya kiangazi, kukinga moto, kuokota kuanzia Oktoba kabla mvua hazijaharibu zilizodondoka. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi na sitaki kuzibana katika moja. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni, na ushirika ulivunjwa mwaka 1976. Lakini mmoja wa mizizi ya tatizo ni kwamba watu walihamishwa mbali na mikorosho yao. Mti ulio mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani haupaliliwi, majani yanaota chini yake, moto unapita, na ugonjwa unapata maskani.

Watetezi wa vijiji watajibu kwamba bila kukusanyika pasingekuwa na shule, zahanati wala kisima. Ni kweli, na si kweli ndogo. Vizazi vya watu wa Lindi walijifunza kusoma katika shule zilizotokana na uamuzi huo, na asiyejua kusoma hana nafasi kubwa ya kutafakari mambo ya dunia ya leo. Ninachohoji ni kasi yake na nani aliishika saa. Mwenye mikorosho ya miaka kumi, kama angeulizwa, angeweza kupendekeza kijiji kiwe karibu na miti, au uhamisho usubiri mavuno, au nusu ya kaya ibaki shambani. Pengine mengine yasingewezekana. Lakini elimu hiyo juu ya mahali iliishi vichwani mwa watu hao tu, na amri isiyosubiri haina sikio la kuisikia. Ni kosa lilelile la karanga, likifanywa safari hii na viongozi waliowapenda watu wao. Ndiyo maana linauma zaidi.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliona zito kupita yote. Watasema kutafakari ni anasa ya walioshiba. Henry David Thoreau alikwenda kuishi kando ya ziwa dogo la Walden kule Massachusetts mwaka 1845 ili aishi kwa makusudi, akakaa miaka miwili na miezi miwili. Lakini ardhi ilikuwa ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, na mji wa Concord ulikuwa jirani. Mkulima wa Lionja ambaye ghala lake limekauka mwezi wa Januari hana Emerson. Nakubaliana na pingamizi hili kwa moyo wote, ila naona linaelekea kwingine. Linathibitisha kwamba uwezo wa kusema bado una msingi wake katika vitu: unga ndani, akiba kidogo, mahali pa kuhifadhi mazao. Njaa huondoa neno hilo mdomoni kuliko amri yoyote. Ushahidi upo katika biashara ambayo kusini inaitwa kangomba. Mchuuzi humfuata mkulima wakati wa shida, kabla ya mavuno, akampa fedha au chakula kwa ahadi ya korosho, na mara nyingi hupima kwa kopo kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na ya msimu. Mkulima anayeuza hivyo hajakosa akili. Anajua vizuri kabisa anachopoteza. Amekosa miezi mitatu tu.

Kwa sababu hiyo naona mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, kuwa jambo la kifikra pamoja na kuwa la kibiashara, licha ya makato na malalamiko yake mengi. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa, zinaingia ghala kuu, kisha wanunuzi wanaweka bei mnadani. Nachingwea, Ruangwa na Liwale zimeunganishwa katika chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na herufi za wilaya hizo tatu. Bei ikitajwa, wakulima wanaulizwa kama wanaikubali. Korosho iliyokauka vizuri haiozi upesi, na ghala linampa mwenye mali kile alichokuwa nacho babu yake alipoacha shamba lipumzike. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Msimu uliofuata ulionyesha ugumu wa neno bado. Oktoba 2018 wakulima wa wilaya za Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, waliikataa bei ya mnadani. Walisema bado. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli aliamua serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuagiza jeshi lizisombe. Wengi walishangilia, kwa kuwa bei ilikuwa juu kuliko iliyokataliwa. Kisha ukaja uhakiki wa nani ana shamba na nani ni mchuuzi wa kangomba, na malipo yakachelewa kwa miezi mingi. Wakulima waliokuwa wamejifunza kusubiri wakajikuta wanasubirishwa. Hizi ni bado mbili zinazofanana kwa sauti tu. Anayesema bado juu ya mali yake mwenyewe anabeba hasara ya kungoja. Ofisa anayesema bado, njoo kesho, anambebesha mwingine. Anayewalaumu wanakijiji kwa uzembe na kusitasita angeanza kwa kutazama bado ya nani inamgharimu nani.

Leo haraka imeingia mfukoni. Fedha za korosho zinalipwa kupitia benki na simu, na simu hiyohiyo inatoa mkopo kwa kubonyeza mara mbili, usiku wa manane, bila mdhamini na bila mtu wa kumuuliza. Mikopo mingi ya aina hii watu wameiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wengine wanaona tatizo ni tabia za wakopaji, wafundishwe nidhamu ya fedha. Elimu hiyo inafaa, lakini simu imetengenezwa makusudi iondoe muda uliokuwa kati ya shida na uamuzi, muda ambao zamani mtu aliutumia kutembea hadi kwa mjomba au kwa katibu wa chama na njiani akabadili nia. Kangomba wa zamani alikuwa na uso na alikuja mchana. Huyu mpya hana hata kijiji anachotoka.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama watu wa Lionja wanaishi kwa kutafakari asianze kwa kuhesabu nani ana simu au anavyotumia saa zake. Aende kwenye mnada siku bei zinaposomwa, Oktoba au Novemba, wakati viongozi wa vyama vya msingi wamekaa upande mmoja na magunia yao yako salama kwenye ghala lenye mlango unaofungwa. Bei ya juu inatajwa. Wanaulizwa kama wanauza. Kuna kimya kidogo, watu wananong'onezana, mmoja anauliza bei ya mnada wa jana wa wilaya jirani ilikuwa ngapi, mwingine anataja ada za shule za Januari. Mnunuzi anangoja. Kwa dakika hizo chache, yeye ndiye anayengoja.